Mate Yaliyogoma Kuganda

Jolana Hrivnáková alikuwa mtu wa hasira hata siku za amani, lakini asubuhi ile ya mashindano ya sleji za pembe, vile vigari vya mbao vya kuteleza thelujini, alipanda mlimani akiwa mtulivu, karibu acheke. Baridi ilikuwa imepagawa. Moshi ulitoka kwenye mabomba ya nyumba za kijiji cha Brezovka, ukachungulia nje, ukarudi ndani kujipasha. Ng'ombe wa kasisi alipokamuliwa, maziwa yalibidi yapasuliwe kwa shoka, na waliokuwepo wanaapa mpaka leo kwamba kila mtu alienda nyumbani na kipande chake mfukoni.

Siku kama hiyo ndiyo aliyoiombea mwaka mzima. Theluji yenye joto kidogo humpendelea kila mtu. Hata gunia la viazi litateremka. Barafu ina ngozi yake ya juu, nyembamba ajabu, si maji wala si barafu kamili, chembe ambazo zimekataa kutulia mahali pake. Hiyo ndiyo inayotelezesha. Baridi ikizidi, ngozi hiyo hukonda, theluji ikawa kama mchanga wa mtoni, na hapo sasa ndipo chuma kilichosuguliwa kwa moyo mmoja kinapoachana na chuma kilichosuguliwa huku mtu anaangalia televisheni. Vyuma vya Jolana, yale mabamba mawili marefu chini ya miguu ya sleji yake, alivifua marehemu baba yake, na yeye mwenyewe alivisugua jikoni wiki nzima, kwa jiwe, kwa msasa, kisha kwa soksi ya sufu, mpaka akaweza kuchokonoa meno kwa kujitazama ndani yake.

Sleji hizo za mbao, zilizojipinda mbele kama pembe za fahali, babu zao walizitumia kushushia magogo na nyasi kavu kutoka juu. Magogo siku hizi hushuka kwa lori. Sleji zimebaki za kushindania heshima, na heshima ina sheria moja tu: chuma kishuke na baridi ya mlima. Alfajiri kila mshindani huilaza sleji yake kwenye theluji, miguu juu, na hairuhusiwi kuguswa mpaka ikaguliwe. Kwa maana chuma kilichopashwa moto kwa siri huifikia barafu kikiwa na mtaji mfukoni. Kile ambacho wengine wanakipata kwa kusugua na kusuguana njia nzima, mdanganyifu kaja nacho kutoka nyumbani.

Kwa hiyo mwamuzi hutema mate. Ndiyo, mate. Huinama, hulenga, hutema juu ya chuma. Chuma baridi huyanyang'anya mate joto lake kwa pupa, yakageuka kidoa cheupe kabla mwamuzi hajafuta mdomo. Yasipoganda, basi huna la kusema. Vyuma vyako vinang'olewa hapohapo na kupigiliwa misumari kwenye ukuta wa baa ya kijiji, jina la ukoo wako juu yake, na hakuna wa ukoo huo atakayeshuka tena mlima ule. Pale ukutani kulikuwa na jozi moja tu, ya ukoo wa Kubala. Kubala wa mwisho alihamia Košice, akidai anapenda sana kelele za mjini.

Mwamuzi alikuwa mzee Cyprián, mkata miti mstaafu mwenye masharubu kama fagio mbili. Kwa kawaida washindani humpa gongo la plamu baada ya ukaguzi, kila mmoja bilauri moja. Lakini baridi ya siku ile iliwatia watu huruma.

"Babu, kunywa sasa hivi," alisema wa kwanza. "Ukingoja mwisho tutakukuta umesimama hapo kama sanamu ya mtakatifu."

Mzee akanywa, akatema, yakaganda tak! Akaenda kwa wa pili, akanywa, akatema. Kukataa bilauri ya mtu ni kumtukania nyumba, na mzee Cyprián hakuwa na desturi ya kutukana nyumba ya mtu. Sleji zilikuwa tisa. Jolana alikuwa amechomoa kijiti cha mwisho kwenye kofia, kwa hiyo yake ilikuwa ya tisa. Ya nane ilikuwa ya Imrich Sedmák, mwenye kiwanda cha mbao, bingwa wa mwaka jana, mtu mwenye shingo nene na maoni mengi. Mate kwenye chuma cha Imrich yalijivutavuta kidogo.

"Yameganda," Imrich alisema haraka.

"Yameganda-ganda," alisema mzee, akasogea mbele.

Kwa Jolana akanywa bilauri yake, akasifu plamu za mwaka ule, akainama, akatema.

Mate yakateleza juu ya chuma. Yalienda taratibu, yakiwa na nafasi yao, yakafika pembeni, yakaning'inia, yakadondoka kwenye theluji.

Mzee Cyprián alitazama, akafikicha macho, akatema tena. Yale ya pili yakafuata njia ya yale ya kwanza.

"Ahaa!" Imrich alinguruma. "Kimepashwa! Jamani, mmeona wenyewe! Mama huyu kakipasha chuma!"

"Nani kapasha?" Jolana aliuliza. Sauti yake bado ilikuwa ya chini, na waliomjua walirudi nyuma hatua moja.

"Wewe! Mate yanatembea hapo kama yamekwenda matembezi ya Jumapili!"

"Imrich, sleji yangu imelala hapa tangu giza. Umekaa karibu yake wewe mwenyewe na chupa yako ya chai. Ningeipasha na nini, kwa kuipulizia?"

"Mdomo wako huo, kwa nini isiwezekane?"

Watu wakacheka, na hapo hasira ya Jolana ikaamka yote kwa pamoja. Mashavu yakawa mekundu, skafu ikamlegea. Waliosimama karibu wanasema theluji ilianza kutona kwenye matawi ya msonobari juu yake, na kwamba mtu mmoja alivua glavu akaota joto.

"Cheka! Chekeni tu! Baba yangu alifua vyuma hivi wakati baba yako anashusha magogo ya wizi, tena mchana kweupe! Mimi nipashe chuma? Mimi? Ningetaka kudanganya, Imrich, ningekudanganya kwa akili, maana kwako haihitajiki nyingi!"

"Matusi hayagandishi mate," alisema Imrich. "Mzee, koleo."

Mzee Cyprián hakutaka. Ilionekana usoni. Lakini koleo lilikuwa limening'inia kwenye mkanda wake kwa kazi hiyohiyo, na watu tisini walikuwa wanamtazama. Akapiga goti kando ya sleji ya Jolana, akaushika msumari wa kwanza.

"Nisamehe, binti yangu," alinong'ona. "Sheria ndiyo hiyo."

Maneno yakamfikia Jolana usoni, na pamoja na maneno ikafika pumzi. Jolana akakunja pua. Akamshika mzee masharubu yote mawili, akamvuta karibu, akanusa kama mtu anayenunua samaki.

"Umekunywa ngapi?"

"Kama kawaida."

"Kawaida unakunywa ukishamaliza. Leo umekunywa ngapi kabla ya kufika kwangu?"

Mzee akafikiri. "Kila nyumba moja. Kwa Imrich mbili, alisisitiza."

"Yesu na Maria!" Jolana aliachia masharubu. "Huyu hatemi mate, anatema gongo! Mnaliacha gongo nje usiku kucha na asubuhi mnalinywa, au hapana? Umeona lini gongo limeganda, wewe mwenye shingo? Maji yanaganda kwa kujipanga safu. Tia gongo kati yake na safu inavurugika kama harusi ya kwenu, kila mtu anamsukuma mwenzake, hakuna anayekaa! Mdomo wa mzee umelewa kabla yake mwenyewe!"

Minong'ono ikapita. Wifi yake Žofka, aliyekuwa akiuza chai kwenye jiko la kuni pale juu, akapaza sauti: "Ndiyo maana ya kwanza yaliganda tak, ya tano yakaganda ukishapiga chafya, na ya Imrich nusura niyawekee kiti yapumzike!"

"Maneno ya wanawake," alisema Imrich.

"Basi tusitumie maneno," alisema Jolana. "Mzee, inuka. Tema kwenye chuma cha Imrich. Sasa hivi, mbele ya watu."

Mzee Cyprián akainuka kwa msaada wa watu wawili, akafika kwenye sleji ya nane, akalenga mara mbili, akatema. Mate yakateleza, yakaning'inia, yakadondoka.

"Ahaa!" Jolana alipiga kelele mpaka kunguru wakahama mti. "Jamani, mmeona wenyewe! Bwana huyu kakipasha chuma! Koleo!"

Shingo ya Imrich ilivimba juu ya kola. Mtu anaweza kumwita Imrich bahili, na watu walimwita. Anaweza kumwita mbishi. Lakini mdanganyifu, mbele ya kijiji chote, tena kutoka kinywani mwa yule ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemwita hivyo! Hasira ilimpanda ikapita kichwa ikaenda zake, ikamwacha bila msimamizi.

"Chuma changu ni baridi!" alifoka. "Baridi kama kaburi! Wazee wetu hawakuwa na habari za mate, walikuwa wanalamba! Mnataka kuona? Tazameni chuma cha mtu mwaminifu!"

Akapiga magoti, akatoa ulimi wote, mpana kama kandambili, akaupachika kwenye chuma.

Chuma kilikuwa baridi. Hilo lilithibitika palepale. Kilinyonya joto la ulimi kwa haraka kuliko damu ilivyoweza kuleta jingine, ute ukaganda, na Imrich Sedmák akabaki ameinama, makalio yametazama mpaka wa Poland, akisema neno moja refu lisilo na konsonanti.

Kijiji kilicheka mpaka watu wakashikana wasianguke. Jolana peke yake hakucheka. Alikwenda kwenye jiko la Žofka, akachukua birika la chai, akarudi, akasimama juu ya Imrich.

"Nasikiliza," alisema. "Ulikuwa unasema nini kuhusu mimi?"

"Aaaa! Aaa-aaa!"

"Sisikii. Mzee Cyprián, wewe unamsikia?"

"Mmwagie, Jolana, ulimi utabaki hapo."

"Utabaki? Si ndiyo nafuu yetu?" Lakini akamwaga. Aliimwaga chai polepole kando ya ulimi, na hakuna haja ya kueleza yaliyofuata ila kwamba Imrich alitoka, akajaza mdomo theluji, na watoto wa Brezovka walijifunza maneno mapya matatu.

"Haya," Jolana alimgeukia mwamuzi. "Sema. Kwa kipaza sauti. Sema Jolana Hrivnáková hakupasha chuma."

Mzee Cyprián alikuna kichwa chini ya kofia ya manyoya. Baridi na aibu vilikuwa vimeanza kumtoa gongo, na mzee huyo akiwa mzima alikuwa mtu wa haki kupita kiasi, ugonjwa mbaya kuliko ulevi.

"Siwezi, binti yangu."

"Huwezi nini?"

"Mate yangu yalikuwa mabovu, nakubali, na koleo narudisha kiunoni. Lakini mate mabovu hayasemi chuma kilikuwa cha moto, na hayasemi kilikuwa baridi. Hayasemi kitu."

"Basi pima tena! Žofka ateme, yeye hajanywa!"

"Nimekunywa kidogo," alisema Žofka.

"Kimepoa," Imrich alisema, kwa ulimi uliokuwa umejaa mdomo kama mkate mbichi, na ikabidi arudie ndipo watu waelewe. "Tangu tuanze kugombana kiko hewani. Hata jiko lingekuwa limepoa."

"Na chako je?"

"Mimi hakuna aliyenishtaki."

"Nimekushtaki mimi!"

"Wewe ni mshtakiwa."

Jolana aliliinua birika, na watu wakamshika mkono. Mzee Cyprián aliharakisha kutoa hukumu kabla birika halijatoa yake. Chuma cha Imrich sasa kilikuwa na joto la chai, kwa hiyo Imrich hashuki. Jolana atashuka. Kuhusu jina lake, kijiji kitatazama kwa macho na kuamua.

"Sawa," alisema Imrich, akifuta kidevu. "Ashuke. Akishinda, tutajua."

Aliyasema bila kelele, na kwa sababu hiyo watu waliyasikia. Jolana aliona vichwa vikiinama kukubali, kimoja hapa, kingine kule, vichwa vya watu aliokuwa amewakopesha ngazi na kuwazalishia ng'ombe. Akishinda, tutajua. Ni kweli, wangejua: mwanamke wa miaka hamsini na sita kawaacha vijana kwenye theluji ya mchanga, hilo si jambo la baridi, ni jambo la moto. Akishinda, vyuma vya baba yake vinaenda ukutani.

Žofka alimvuta pembeni. "Wifi, nisikilize. Pale kwenye kona ya mwisho, burura kisigino kidogo tu. Uwe wa tano, uwe wa sita. Jina lako litaoshwa, twende tukanywe supu ya kabichi."

"Niburure kisigino ili wanisamehe kosa ambalo sijafanya?"

"Kisigino tu, jamani, si mguu mzima."

"Kaburure ulimi wako wewe, Žofka! Nitashuka kama ninavyoshuka. Nitawaacha mbali mpaka wasahau nimevaa rangi gani. Halafu waje na misumari yao, nitawashikia nyundo, na kila atakayepiga msumari nitamtazama machoni akipiga! Nione nani anaweza!"

Aliigeuza sleji kwa mkupuo mmoja, miguu ikapiga theluji, akaiburuta mpaka kwenye mstari. Kila mkata miti, hata aliyelala usingizi, akigeuza sleji hufuta vyuma kwa kitambaa cha sufu, maana tone lolote la unyevu likigusa theluji kavu huokota chembe na kuzishika kama gundi. Jolana alifundishwa hilo kabla hajafundishwa kusali. Kitambaa kilikuwa kwenye mfuko wake wa kulia. Lakini macho yake yalikuwa kwa Imrich, mikono yake ilikuwa imekunja ngumi, na unyevu wa mate ya mzee Cyprián ulikuwa bado kwenye chuma cha kushoto.

Kengele ikalia. Sleji nane zikaondoka kwa pamoja kwenye ile njia pana ya magogo, pembe kwa pembe, theluji ikiruka kama unga kwenye kinu.

Jolana aliketi mbele, katikati ya pembe zake mbili, visigino hewani. Alikuwa akipiga kelele. Alimtukana Imrich mpaka mti wa kwanza, baba yake Imrich mpaka wa pili, akamalizia na wajomba. Alikuwa mbele, kisha sawa na wengine, na hakuelewa. Sleji ilikuwa nzito upande wa kushoto. Chini yake alisikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwenye vyuma vyake: krrr, krrr, kama paka anayekuna mlango. Gongo la mzee lilikuwa limeokota theluji, theluji imeokota theluji nyingine, na chuma alichokisugua wiki nzima kilikuwa sasa kimevaa msasa.

"Nenda!" aliipigia kelele. "Nenda, ng'ombe wewe!"

Kijana mmoja wa mwashi akampita. Kwenye kona ya mwisho, ambapo Žofka alitaka aburure kisigino, Jolana aliviinua visigino vyote viwili mpaka vikakaribia masikio, akajilaza nyuma kabisa, akasukuma upepo kwa kidevu. Wengine wawili wakampita, mmoja kila upande, na mmojawao alimwambia samahani.

Alivuka mstari akiwa wa nne.

Akakaa pale kwenye sleji, anahema. Alikuwa amejiandaa kwa misumari. Alikuwa ameyapanga maneno ya kumwambia kila mmoja, kwa majina, kuanzia kwa kasisi. Akainama, akapitisha kidole chini ya mguu wa kushoto, akaligusa lile ganda chafu, na akajua kila kitu. Kitambaa alikitoa mfukoni, akakitazama, akakitupa kwa nguvu zote. Kilikuwa chepesi, kikaanguka karibu na goti lake.

Kijiji kilikuwa kinashuka kwa miguu, kinateleza, kinaangukiana, kinapiga kelele. Mbele yao alikuwa mzee Cyprián, mwenye kipaza sauti, machozi yakimganda kwenye masharubu.

"Wa nne!" alitangaza. "Jamani, wa nne! Kuna mtu aliyepasha chuma akawa wa nne? Chuma kile kilikuwa baridi kuliko vyote! Jina la baba yake, jina la Hrivnák, ni safi!"

"Safi!" kijiji kikaitikia. "Jolana! Jolana!"

"Nyamazeni," alisema Jolana.

"Hata vijana wamempita!" alishangilia mwanamke mmoja. "Ona jinsi alivyochelewa, maskini! Mwaminifu kweli huyu!"

"Nimeshindwa kwa sababu ya mate!" Jolana alisimama. "Mate yenu! Ningewaacha wote! Mnanisikia? Nilikuwa nawaacha!"

"Bila shaka, bila shaka," walisema, wakimpigapiga mabegani, na wanaume wanne wakamwinua juu, wakambeba kuelekea kwenye baa, mshindi halisi akibaki nyuma peke yake na kombe lake, akitafuta wa kumwonyesha.

Hata Imrich alisogea, akanyoosha mkono na kusema kitu. Kwa ulimi ule hakuna aliyejua ni samahani au hongera.

"Niwekeni chini!" Jolana alikuwa akiwapiga vichwani kwa glavu, kushoto na kulia, bila upendeleo. "Niwekeni chini, wapumbavu nyie! Nimeshindwa! Mimi nimeshindwa!"

"Jolana!" waliimba. "Jolana!"